Si mila inayowaua wagonjwa wa saratani Garissa

Keti na watu wa Nairobi, wakiwemo madaktari, na hutakosa kusikia hili: Msomali akiugua saratani huanza kwa shehe, akachomwa moto kifuani, akaikabidhi kadari, na akifika hospitali muda umekwisha. Maneno haya yana ukweli kidogo na dhuluma nyingi. Kuchomwa moto kupo, na kunaumiza watu bure. Lakini kudai kwamba ndiko kunakojaza makaburi yetu ni kuwabebesha wagonjwa lawama isiyo yao.

Tazama saratani ya umio, ambayo imewasumbua sana watu wa huku. Huanza na anjera kukwama kooni. Mama anailowesha kwenye chai ndipo iteremke. Anakwenda zahanati, anapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Anarudi, anapewa zilezile. Uvimbe hauonekani mpaka kamera iteremshwe kooni, na zahanati ya kijijini haina kamera hiyo wala mtu wa kuiendesha. Anapofika mjini anaishi kwa maziwa tu, na kwenye faili lake wanaandika kuwa amechelewa. Huyu hakuwa amekaa akingoja kadari. Mtume mwenyewe aliwaagiza watu watafute matibabu, na mama huyu alitafuta tangu siku ya kwanza.

Halafu inakuja bima. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilianza Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, na kifurushi chake cha saratani kilianza na shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, pamoja na 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Ni msaada mkubwa, sibishi. Ila mfugaji asiye na mshahara anatakiwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo, angalau shilingi 3,600, iwe mvua au ukame. Na kabla ya kulipa, mtu mzima anaulizwa kitambulisho.

Hapo ndipo kabila linapoingia. Kwa miongo mingi kijana wa Garissa, Wajir au Mandera alipelekwa mbele ya kamati ya kumhoji kama kweli ni Mkenya, jambo ambalo kijana wa Nyeri hakulijua. Rais Ruto alitangaza kuukomesha uchunguzi huo Februari 2025. Hata hivyo wako Wakenya kwa maelfu ambao alama zao za vidole zimo katika sajili ya wakimbizi wa Dadaab, kwa sababu njaa iliwasukuma wazazi wao kupanga foleni ya chakula kambini. Mashine inawasoma kuwa wakimbizi. Mtu kama huyo akiugua, bima ya taifa lake haimtambui.

Mwenye kadi naye hajavuka. Garissa ina kituo cha saratani cha kanda, kama Nakuru na Mombasa, na ni neema. Lakini tiba ya mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo, na kutoka Mandera hadi Garissa ni takriban kilomita 700. Nauli, chumba na chakula cha anayemuuguza mgonjwa hulipwa na mchango wa ukoo, simu kwa simu. Ukoo wenye ndugu Minneapolis, Marekani, hukusanya haraka. Usio nao huuza ngamia mpaka zizi libaki tupu.

Lawama kama hii haiko kwetu tu. Marekani nako wanawake weusi hufa kwa saratani ya matiti kwa karibu asilimia 40 zaidi ya weupe, ingawa hawaiugui zaidi yao. Wapo waliosingizia mwili na tabia zao. Majimbo yalipoanza kupanua bima ya umma ya Medicaid mwaka 2014, tafiti zilionyesha pengo la uhai likipungua, na watu walikuwa walewale.

Basi Wizara ya Afya itangaze, kaunti kwa kaunti, ni wagonjwa wangapi wa saratani wamelipiwa na SHA na wangapi wamekataliwa. Na wanaoshikilia sajili ya Dadaab wawatoe humo Wakenya wote mwaka huu.