Daftari Kabla ya Uwanja

Kila msimu wa siasa ukikaribia, hakosekani mtu wa kupanda jukwaani mjini Nyeri na kutuahidi uwanja wa Ruring'u. Uwanja huo uliingia katika orodha ya viwanja vya kaunti miaka mingi iliyopita, pamoja na Kirubia wa Chuka na Kamariny wa kule Elgeyo Marakwet, na kazi ikawa ya kusuasua. Meru walipata Kinoru yao kwa Madaraka ya 2018, Embu wakakarabatiwa Moi Stadium kwa Madaraka ya 2023. Kwa hiyo msomaji atatarajia toleo hili, ambalo tumelitenga kwa wachezaji wa kulipwa, lianze kwa kulilia nyasi na majukwaa. Mimi nitalilia karatasi. Timu za Nyeri, Karatina, Kerugoya, Chuka na Nanyuki zinapoteza mengi kwa kukosa uwanja, lakini zinapoteza zaidi kwa kutoandika.

Tumtazame Michael Olunga, kwa sababu safari yake ilipita karibu na sisi. Mwaka 2014 Tusker ilimtoa kwa mkopo kwenda Thika United. Alikuwa kijana wa miaka 20 mwenye mguu wa kushoto na masomo ya uhandisi begani. Mwaka uliofuata alikuwa Gor Mahia, 2016 akawa Sweden na Djurgården, kisha China, kisha Girona ya Hispania, ambako Januari 2018 alifunga mabao matatu katika mechi moja dhidi ya Las Palmas. Japani ndiko alikotisha. Novemba 2019 aliifungia Kashiwa Reysol mabao manane katika ushindi wa 13-1 dhidi ya Kyoto, na mwaka 2020 akamaliza ligi kuu ya huko na mabao 28, kiatu cha dhahabu na tuzo ya mchezaji bora. Kutoka hapo akaenda Al-Duhail ya Qatar. Haya yote ameyafanya akitoka nchi ambayo haijawahi kucheza Kombe la Dunia, na ambayo haijawahi kuvuka hatua ya makundi katika Kombe la Mataifa ya Afrika.

Hadithi hii husimuliwa kama ya mtu mmoja na kipaji chake, na Thika hutajwa kama stendi alipobadilishia matatu. Kanuni za FIFA haziioni hivyo. Zinasema kila msimu wa malezi una mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kulipwa.

Kuna vifungu viwili ambavyo ningependa kila mwenyekiti wa timu avikariri. Cha kwanza ni fidia ya mafunzo. Kijana akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na klabu ya nje kabla ya kuisha kwa mwaka anaotimiza miaka 23, klabu hiyo hudaiwa na timu zilizomlea. Kiasi hufuata daraja la klabu inayomchukua. Klabu ya Ulaya ya daraja la tatu hutozwa yuro 30,000 kwa kila mwaka wa malezi kuanzia miaka 16 hadi 21. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 3.5 kwa mwaka mmoja wa kumfundisha kijana kupiga krosi pale Majengo au King'ong'o.

Cha pili ni mgao wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine mkataba wake ukiwa haujaisha, asilimia 5 ya ada hutengwa kwa timu zilizomlea: asilimia 0.25 ya ada kwa kila mwaka wa umri kati ya 12 na 15, na 0.5 kwa kila mwaka kati ya 16 na 23. Mwaka mmoja wa kijana wa miaka 20, hata wa mkopo, ukiupigia hesabu juu ya ada ya dola milioni 1, ni dola 5,000. Victor Wanyama alipohama Celtic kwenda Southampton mwaka 2013, ada iliyoripotiwa ilikuwa pauni milioni 12.5. Kwa kanuni hiyo, miaka yake minne tu ya utotoni, 12 hadi 15, ilibeba pauni 125,000.

Tangu Novemba 2022 pesa hizi hupitia chombo cha malipo ambacho FIFA imekiweka Paris. Mchezaji akihama, mfumo hukusanya taarifa za usajili wake kutoka kwa mashirikisho na kumtengenezea pasipoti ya kielektroniki, msimu baada ya msimu, na malipo huyafuata majina yaliyomo. Huhitaji kufunga safari ya kilomita 150 kwenda Nairobi kubembeleza mtu. Lakini msimu ambao kijana hukumsajili unabaki tupu, na kuujaza baadaye ni kesi ya nyaraka. Majirani waliomwona akicheza si nyaraka.

Hivi majuzi kocha wa timu moja ya mtaani hapa mjini alinionyesha daftari la timu yake. Ukurasa wa kwanza ni orodha ya waliochanga shilingi 50 za nauli ya kwenda Othaya. Baadhi wameandikwa kwa majina ya utani: Kaka, Drogba, Karanja wa Chips. Namba za jezi zipo. Tarehe ya kuzaliwa hakuna hata moja. Wachezaji wawili waliochukuliwa na timu za Nairobi wamepigwa mstari wa kalamu nyekundu, na pembeni kocha ameandika neno moja, "ameenda". Hakuandika lini wala wapi. Mmoja wao alimfundisha tangu darasa la sita, na kwa macho ya FIFA kazi hiyo haijawahi kufanyika.

Najua jibu linalotolewa hapa: kwamba huku ni kwa wakulima wa kahawa na wakimbiaji, kwamba Nyeri ilimtoa Catherine Ndereba na hiyo inatosha, soka waachiwe Nyanza na Magharibi. Ni jibu la uvivu. Kenneth Matiba, mwana wa Murang'a, aliliongoza shirikisho la soka la Kenya kuanzia 1974 hadi 1978, na aliliendesha kama mtu aliyezoea ofisi yenye mafaili. Harambee Stars ilitwaa Kombe la Chalenji mwaka 1975. Vijana walionolewa na Mjerumani Bernhard Zgoll katika vituo vya miaka ile ndio walioinukia kuwa nguzo za timu iliyolichukua kombe hilo mara tatu mfululizo, 1981 hadi 1983. Na karibu zaidi, Murang'a SEAL walipanda Ligi Kuu mwaka 2023, wakicheza nyumbani kwao. (Jina la Mlima Kenya lilikuwa limeshafika Ligi Kuu kabla yao, kupitia Mount Kenya United, yaani klabu ya Nakumatt iliyobadilishwa jina. Ilishuka daraja mwaka 2019. Jina peke yake halifungi bao.)

Hoja yangu ina hatari yake. Mwenyekiti akisikia yuro 30,000 anaweza kumkalia kijana. Nimewasikia wazazi wakilalamika kudaiwa pesa ndipo barua ya kumwachilia mtoto itiwe sahihi, na mtoto mwenyewe yuko kidato cha nne. Huo ni ukora. Fidia hulipwa na klabu inayomchukua, haitoki mfukoni mwa mzazi, na hailazimu mtu yeyote azuiwe. Anayemzuia kijana wa miaka 17 kwa tamaa anajinyima mwenyewe, kwa kuwa kijana asiyekwenda popote hazai hata senti.

Kurasa zinazofuata zinahusu wachezaji wenyewe: baridi ya Skandinavia, mikataba ya Dar es Salaam inayowavuta Wakenya kama ilivyomvuta Francis Kahata kwenda Simba mwaka 2019, na nini hufanyika goti likiisha kabla ya mkataba. Katikati ya jarida tumeweka fomu ya kukata. Inataka jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe ya kuzaliwa, siku msimu ulipoanza na ulipoisha, sahihi ya mzazi na mhuri wa timu. Fomu hiyo haitoshi yenyewe. Timu lazima iwe imesajiliwa na tawi la shirikisho katika kaunti, na mchezaji aingizwe kwenye mfumo kila msimu, hata kama ni wa kukaa benchi. Andikeni nakala mbili, ya pili ikae kwa mzazi, maana huku kwetu mwenyekiti akihama, faili la timu huhama naye.