Kesi ya klabu ya gofu Limuru: Je, kanuni za chama cha watu binafsi zinaweza kuipita Katiba?

Limuru, katika kaunti ya Kiambu nchini Kenya, wengi wetu tunaijua kwa mashamba ya chai, baridi ya asubuhi na kiwanda cha viatu cha Bata. Huko huko kuna uwanja mpana wa nyasi zilizokatwa fupi, wenye miti mirefu na mashimo madogo yaliyowekewa bendera. Hapo ndipo ilipo Limuru Country Club, klabu ya watu binafsi wanaocheza gofu. Wasikilizaji wetu wengi hawajawahi kuingia humo, na huenda hawana haja ya kuingia. Hata hivyo, mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi iliyotoka ndani ya klabu hiyo, na uamuzi wake unamgusa kila mtu aliye katika chama chenye wanachama, ada na kanuni. Chama cha akiba, mradi wa maji na kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa vyote vimo.

Tunairudia kesi hiyo kwa sababu neno lililobishaniwa Limuru bado linasikika kila wiki kwenye mikutano ya vijijini: "Hizi ni kanuni zetu wenyewe. Asiyezitaka aondoke."

Kwanza tueleze klabu ya namna hii ni kitu gani. Uwanja wa gofu wenye mashimo 18 huchukua ardhi nyingi, mara nyingi kati ya ekari 100 na 200. Viko vya aina kadhaa. Kuna vile vya pwani, vyenye mchanga na upepo wa bahari, na kuna vya bara kama vya Limuru, Karen na Muthaiga, vinavyofanana na bustani kubwa yenye miti, vijito na mabwawa. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo kutoka sehemu ya kuanzia hadi uingie shimoni, na anayetumia mapigo machache ndiye mshindi. Raundi moja huchukua saa nne au zaidi. Mara nyingi mchezaji hutembea na kedi, yule anayembebea mfuko wa fimbo na kumshauri upepo unavuma wapi na nyasi zimelalia upande gani. Katika vilabu vingi makedi ni vijana wa vijiji vya jirani, na baadhi ya wachezaji wa kulipwa wa Kenya walianzia hapo, mfuko begani.

Klabu ya faragha haiendeshwi kama hoteli ambayo mwenye pesa anaingia tu. Anayetaka kujiunga hupendekezwa na mwanachama, akaungwa mkono na mwingine, jina lake likapelekwa kwa wanachama ili mwenye pingamizi aseme. Akikubaliwa hulipa kiingilio, kisha ada ya kila mwaka. Kuanzia hapo yeye ni mmoja wa wenye klabu. Wanachama ndio wanaopaswa kuchagua viongozi, akiwemo mwenyekiti na nahodha wa gofu.

Hapo kwenye uchaguzi ndipo mambo yalipoharibika Limuru. Wanawake walikuwa wanachama na walicheza gofu. Lakini kanuni ndogo za klabu ziliandikwa kwa namna iliyowaacha nje ya kura na uongozi katika masuala ya gofu, na kuvifanya kuwa vya wanaume. Wanawake kadhaa walikataa, wakaenda mahakamani.

Mtu anaweza kuuliza, kuna nini cha kupigania katika unahodha wa gofu? Sisi tunaona kipo. Kamati ya gofu ndiyo inayopanga nani acheze siku gani na saa ngapi, mashindano yapi yafanyike, na fedha za uwanja zitumike wapi. Katika vilabu vingi wanawake hutengewa siku yao katikati ya wiki. Mpango huo uliwafaa wake wa maofisa wa zamani waliokuwa na nafasi siku za kazi, lakini haumfai daktari, wakili au mwalimu mkuu ambaye Jumanne yuko kazini. Jambo jingine ni kwamba saa nne za kutembea pamoja ni saa nne za mazungumzo. Zabuni, mikopo na vyeo huzungumzwa pale kati ya shimo moja na jingine, hata kama hakuna anayeandika kumbukumbu za kikao. Anayewekwa kando siku ya wakubwa kucheza, amewekwa kando na hayo pia.

Mchezo wenyewe una utaratibu wa haki kuliko waliouandikia kanuni. Katika gofu kuna handikapu, yaani idadi ya mapigo anayopunguziwa mchezaji dhaifu ili ashindane na hodari bila kuonewa. Mzee wa miaka 70 anaweza kumshinda kijana wa miaka 25. Sehemu za kuanzia pia huwekwa kwa umbali tofauti. Wacheza gofu walikwisha kutafuta njia ya kuwaweka watu wenye nguvu tofauti katika shindano moja, kabla hata mahakama haijaulizwa.

Historia ya vilabu hivi inasaidia kueleza ubishi ulivyofika hapo. Royal Nairobi, mojawapo ya vilabu vikongwe vya gofu nchini, ilianzishwa mwaka 1906, wakati wa ukoloni. Katika vilabu vya walowezi Mwafrika aliingia kama mpishi, mtunza bustani au kedi, hakuingia kama mwanachama. Baada ya uhuru rangi ya ngozi iliacha kuwa kizuizi, na kilichobaki mlangoni kikawa pesa na kujulikana. Mwaka 1967 yalianza mashindano ya Kenya Open, na gofu ikaanza kutajwa redioni na magazetini kama mchezo wa nchi. Lakini desturi nyingine za walowezi zilibaki ndani ya daftari la kanuni bila kuguswa, ikiwemo ile ya kumwona mwanamke klabuni kama mke wa mwanachama. Waliorithi viti wakarithi na desturi zake.

Sasa turudi mahakamani. Swali lililokuwa mbele ya majaji watatu halikuwa gofu. Lilikuwa hili: Je, Katiba inamfunga nani? Mazoea ya zamani ya kisheria yalikuwa kwamba haki za msingi zinamlinda raia dhidi ya serikali: polisi asikukamate bila sababu, waziri asikunyang'anye mali. Jirani yako au chama chako kilikuwa jambo jingine, la makubaliano kati yenu. Zaidi ya hapo, Kifungu cha 36 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu uhuru wa kujumuika na wengine. Kwa hoja hiyo, watu waliojumuika kwa hiari yao wana haki ya kujiwekea masharti, na aliyejiunga aliyakubali.

Hoja hiyo si ya kipuuzi. Bila uhuru wa kujumuika hakuna chama cha wafanyakazi wala kwaya. Lakini Katiba ya mwaka 2010 ina maneno mawili yanayoibana. Kifungu cha 20 kinasema Sheria ya Haki inawafunga watu wote pamoja na vyombo vyote vya serikali. Halafu Kifungu cha 27 kinaikataza serikali kubagua kwa misingi kama jinsia, rangi, dini, umri au ulemavu, na mara tu baada ya hapo, katika ibara yake ya tano, kinamkataza mtu mmoja kumbagua mwenzake kwa misingi hiyo hiyo. Na kisheria, "mtu" ni pamoja na kampuni, chama au kundi la watu, hata kama halijasajiliwa.

Mahakama ilikubaliana na wanawake hao. Iliona kwamba Katiba inaifikia hata klabu ya watu binafsi, na kwamba kanuni zile zilikuwa za kibaguzi na kinyume cha Kifungu cha 27. Kuwa chama cha faragha hakukutosha kuwa kinga.

Tuwe waangalifu hapa, kwa sababu hukumu hii husimuliwa kwa kuongezewa chumvi. Haikusema kila mtu ana haki ya kuingia klabu anayotaka, wala kwamba ada kubwa ni ubaguzi. Asiye na kiingilio cha Limuru leo hajapata msaada wowote hapo. Hukumu iliwahusu watu ambao tayari walikuwa ndani, waliokubaliwa, walioendelea kulipa, kisha wakaambiwa kwamba uanachama wao hauna sauti sawa na wa wengine.

Tofauti hiyo tunaiona pia Uingereza, kwa njia ya kushangaza kidogo. Sheria yao ya Usawa ya mwaka 2010 inaruhusu klabu kuwa ya wanaume peke yao au ya wanawake peke yao. Lakini klabu ikishachagua kuchanganya, hairuhusiwi kuwa na wanachama wa daraja la chini kwa sababu ya jinsia. Ndiyo maana klabu ya Muirfield kule Scotland, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1744, iliweza kubaki ya wanaume bila kuvunja sheria. Kilichoibadilisha ni heshima na fedha. Mwezi Mei 2016 wanachama walipiga kura na wanaotaka kuwaingiza wanawake hawakufikia theluthi mbili zilizohitajika. Siku hiyo hiyo chombo kinachoandaa mashindano makubwa ya The Open kilitangaza kwamba hakitayapeleka tena Muirfield. Mwezi Machi 2017 wakapiga kura tena, na safari hii zaidi ya asilimia 80 wakakubali. Mwaka 2022 mashindano ya wanawake yakachezwa kwenye uwanja ule ule, na aliyetwaa kombe alikuwa binti wa Afrika, Ashleigh Buhai wa Afrika Kusini.

Marekani nako mfuko ndio uliosema. Mwaka 1990 mwanzilishi wa klabu ya Shoal Creek, jimbo la Alabama, alieleza waziwazi kwamba klabu yake haiwapokei watu weusi, wiki chache kabla ya kuandaa mashindano makubwa ya kitaifa. Kampuni zikaanza kuondoa matangazo yao ya televisheni. Kabla mashindano hayajaanza, klabu ilikuwa imempata mwanachama wake wa kwanza mweusi. Augusta National, klabu maarufu ya Georgia, ilimkubali wa kwanza wake mwaka huo huo, lakini wanawake waliendelea kungoja hadi 2012.

Kwa maoni yetu njia ya Kenya ni bora, kwa sababu haimlazimu mdai kungoja kampuni kubwa ione aibu. Mradi wa maji wa kijijini hauna mdhamini wa kuondoa matangazo. Kikundi cha wafugaji hakionyeshwi kwenye televisheni. Huko, kama mlinzi si Katiba, hakuna mwingine.

Na kanuni za namna ile ya Limuru ziko tele. Zipo zinazosema mpiga kura ni "mwenye boma" au "mwenye shamba", na kila mtu mkutanoni anajua maana yake ni mume. Mwanamke anachimba mtaro wa bomba na kulipa mchango wa kila mwezi, lakini siku ya uchaguzi anaambiwa aandae chai. Katika maeneo ya chai na kahawa, mara nyingi namba ya mkulima ina jina la mume huku anayeamka kuchuma ni mke. Suala hilo la namba ni gumu zaidi, kwa kuwa linafungamana na hati ya ardhi, na hukumu ya Limuru peke yake haiwezi kulimaliza. Lakini pale ambapo mwanamke ameandikishwa kwa jina lake, anatoa ada yake, na bado kanuni inamnyima kura kwa sababu ni mwanamke, hali yake ni ile ile ya wacheza gofu wa Limuru.

Vipi kuhusu vikundi vya wanawake pekee vya kuweka na kukopeshana? Kesi ya Limuru haikuvihusu, na Kifungu hicho hicho cha 27 kinaitaka serikali ichukue hatua za kuwainua waliobaguliwa zamani. Hatuoni sababu ya chama cha kina mama kuogopa hukumu hii.

Kwenda mahakamani ni jambo la gharama na muda. Wanawake wa Limuru walikuwa na uwezo ambao wengi hawana. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kushtaki kwa niaba yake, kwa niaba ya asiyeweza kwenda mwenyewe, au kwa niaba ya kundi, na kinataka taratibu ziwe nyepesi na kusiwe na ada ya kufungua shauri la namna hiyo. Lakini wakili bado hulipwa, na nauli ya kwenda mjini vilevile.

Kabla ya kufika huko kuna hatua ndogo. Omba nakala ya katiba ya kikundi chenu, si maelezo ya katibu bali karatasi yenyewe. Soma sehemu mbili: nani ni mwanachama, na nani anapiga kura. Maelezo yakitofautiana, andika barua fupi kwa kamati ukitaja Kifungu cha 27, ibara ya tano, uombe jambo hilo liwekwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu unaofuata. Baki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea na tarehe.