Hesabu ya Mahindi ya Taifa Yamhusu Mkulima wa Maua

Wakulima wa skimu, pengine mmesoma kwamba nchi imevuna magunia milioni kadhaa, mkageuza ukurasa mkidhani hayo ni mambo ya wakubwa wa Nairobi. Nawaomba msigeuze. Hesabu hiyo ndiyo inayopanga bei ya gunia lako katika soko la Maua, na mara nyingi huipanga kabla wewe hujalishona mdomo.

Mwaka 2022, ukame ulipozidi, Kenya ilivuna magunia milioni 34.3 ya kilo 90. Mwaka 2023 mvua ilikuwa njema, mbolea ya ruzuku ikawafikia wengi, tukapata milioni 47.6. Mwaka 2024 mavuno yalishuka tena hadi milioni 44.7. Sasa kumbukeni kwamba hesabu ya watu ya 2019 ilitukuta tu watu milioni 47.6. Basi hata mwaka ule mwema ulitupa gunia moja tu kwa kila mtu aliyehesabiwa, na watoto wamezaliwa wengi tangu hapo. Wala gunia hilo si la ugali tu. Ndani yake mna yanayoliwa na fukusi, mna yanayooza, na mna yanayokwenda viwandani kusagwa kuwa chakula cha kuku na cha ng'ombe wa maziwa. Anayekula yai anakula mahindi, ingawa hayaoni. Viwanda hivyo vilibanwa hata mwaka 2021 serikali ikaviruhusu kuleta mahindi ya njano kutoka nje bila ushuru.

Katikati ya hayo yote iko Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, iliyoundwa mwaka 1979 kwa kuunganisha Bodi ya Mahindi na Mazao na Bodi ya Ngano. Zamani mkulima hakuwa na ruhusa ya kuuza mahindi yake apendako. Tangu mwisho wa 1993 biashara iko huru, na Bodi hununua sehemu ndogo tu kwa ajili ya akiba ya taifa. Lakini bei yake bado ni kama kengele ya shule: ikilia, wote husikia. Mwaka 2017 ilikuwa shilingi 3,200 kwa gunia. Mwaka uliofuata ilitangazwa 2,300, wakulima wakalalamika, ikapandishwa hadi 2,500. Mwaka 2023 ikafika 4,000.

Hapa ndipo mkulima wa Meru anapoumia. Wenzetu wa Trans Nzoia na Uasin Gishu hupanda mwezi wa Machi na Aprili, wakavuna kuanzia Oktoba. Sisi mvua yetu ya kutegemewa ni ile ya Oktoba, na mahindi yetu hukauka Februari na Machi. Bei hutangazwa wakati wao wanavuna, mashine za kukaushia hupelekwa kwao, na fedha za kununulia huanza kutumika kwao. Yetu yanapokuwa tayari, mara nyingi habari ya ununuzi imekwisha poa. Anayebaki barabarani ni dalali na lori lake, naye anajua kwamba ada ya shule inangoja.

Sisemi dalali ni mwizi. Anafanya kazi yake, tena hubeba hasara ya njia mbaya. Kosa ni kwamba yeye anajua mahindi yaliyoko nchini ni kiasi gani, na wewe hujui. Kwa maoni yangu, Bodi ingefanya jambo moja rahisi: kubandika mlangoni mwa kila ghala lake, mwanzo wa kila mwezi, karatasi yenye tarakimu tatu, yaani magunia yaliyoingia, yaliyotoka, na yaliyobaki. Haihitaji fedha nyingi. Mkulima akiona ghala la Meru linakaribia kuwa tupu mwezi wa Machi, hatauza kwa bei ya mtu aliyekata tamaa.

Wako watakaosema akiba ni siri ya serikali. Siri hiyo imetugharimu. Mavuno ya 1976 na 1977 yalikuwa makubwa, maghala yakajaa, mahindi yakauzwa ng'ambo. Wakulima walipoona bei haina faida, wengi walipunguza kupanda. Mvua ikapungua, na mwaka 1980 nchi hiyohiyo iliyokuwa ikiuza ikawa inanunua ng'ambo. Hatari ilikuwa katika hesabu miezi mingi kabla haijafika katika sufuria.

Nanyi mlio upande wa chini, kwenye jua kali, mnaopanda mtama, msidhani kiwanda ni rafiki asiyebadilika. Bia ya Senator ilianza kuuzwa mwaka 2004 ikiwa imesamehewa ushuru, na baadaye mtama aina ya gadam wa Tharaka, Meru na Ukambani ukapata soko. Mwaka 2013 ushuru ulirudishwa kwa nusu, bia ikapanda bei, wanywaji wakaikimbia, na magunia ya mtama yakabaki nyumbani kwa watu. Mwaka 2015 ushuru ulipunguzwa tena, soko likarudi. Mkulima hakukosa lolote katika habari hii yote, ila alikuwa amepanda shamba zima kwa ajili ya mnunuzi mmoja.

Kuweka akiba nyumbani ni vizuri, lakini mahindi mabichi hayawekwi. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Msiyaanike juu ya udongo, tandikeni turubai. Mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, na mengi yalikuwa mahindi ya shambani mwao wenyewe. Mama wa nyumba akisema yananuka, msibishane naye.

Wenye kuweza kukusanya magunia pamoja katika chama chao wana njia nyingine tangu Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2019. Unapeleka nafaka safi katika ghala lenye leseni, unapewa stakabadhi, na unaweza kuitumia kuomba mkopo huku ukingoja bei ya Juni. Kabla ya kupakia lori, muulizeni mwenye ghala akuonyesheni leseni yake, aseme ada ya kila mwezi kwa gunia ni shilingi ngapi, na aandike ni nani atakayelipa mahindi yakiharibika mikononi mwake.