Nani Kasema Shairi Halitafsiriki?

Wapo wasomi wanaoapa kwamba shairi halitafsiriki. Mtajie mmoja wao Arthur Rimbaud, kijana wa Kifaransa aliyeutikisa ushairi wa Ulaya kisha akauacha akiwa na miaka ishirini hivi, naye atakujibu: "Huyo kwa Kiswahili atapwaya." Muulize yeye alimsoma kwa lugha gani. Kwa Kiingereza! Kumbe shairi huvuka mipaka yote salama, likifika kwetu ndipo likate roho. Hiyo si hoja ya fasihi, ni kuidharau lugha yetu.

Watasema vina na mizani vitapotea. Rimbaud mwenyewe alivitupa! Sehemu kubwa ya Une saison en enfer, kitabu alichokichapisha Brussels mwaka 1873, ni nathari. Utapotezaje kitu ambacho mwenyewe hakukiweka?

Njoo hapa Dallas, mjini Embu, umtazame mtahiniwa wa kidato cha nne. Swali la ushairi linamtaka aandike ubeti kwa lugha tutumbi, yaani kwa nathari. Anaviacha vina, ananyoosha sentensi zilizopinduliwa, anarefusha maneno yaliyofupishwa, anabaki na maana. Akipata alama zote, hakuna anayemshtaki kwa kuua shairi. Jumapili anasoma Zaburi, mashairi ya Kiebrania, kwa Kiswahili, na jirani yake anazisoma kwa Kimeru. Wote wawili huitikia amina.

Mshairi wetu Shaaban Robert naye hakungoja ruhusa. Alitupatia mashairi ya Mwajemi Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952, akipitia tafsiri ya Kiingereza ya FitzGerald.

Sikatai kwamba mlio wa Kifaransa hautavuka. Lakini picha, hasira na kejeli zitavuka, na hizo ndizo nguvu za Rimbaud. Isitoshe, huyu si mgeni wa mbali kiasi hicho. Kuanzia mwaka 1880 alikuwa Aden na Harar akifanya biashara ya kahawa, zao linalojulikana sana Embu, na barua zake zilitaja hamu ya kwenda Zanzibar. Mtu aliyetukaribia hivyo, kwa nini tumngoje apitie London?

Zipo shule ambako mwalimu wa Kifaransa na wa Kiswahili hunywa chai chumba kimoja. Wachukue ukurasa mmoja wa Rimbaud, waufasiri, waubandike ukutani, wanafunzi waukosoe. Tafsiri mbaya itasahihishwa. Ambayo haijaandikwa, nani ataisahihisha?