Sahihi Peke Yake Haimlindi Mtoto

Wako watu wasemao kwamba watoto wa Tanzania wamekwisha kulindwa, maana serikali iliuridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, tena hutoa taarifa kwa kamati ya Umoja wa Mataifa huko Geneva. Mimi nakataa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu baba kumwoza binti wa miaka 15. Je, huyo ni mtoto au ni mke? Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba ruhusa hiyo yavunja Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha, ikaagiza sheria irekebishwe katika muda wa mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, sheria haikuguswa.

Wala sisi Wakristo tusijitakase upesi. Ng'ombe wa mahari hupita mbele ya milango yetu mchana kweupe, na mwalimu huona dawati tupu. Taarifa ya kweli ingeanzia hapo, katika daftari la mahudhurio: jina la binti, siku aliyokoma kuja, na nani aliyekwenda kwao kumwulizia.