Nani Kasema Kajitakia?

Kuanzia Ruaha hadi Kilosa mjini, kokote penye kibanda cha kuonyesha mpira na benchi la kuchezea bao, kuna hukumu inayotolewa bila upande wa pili kusikilizwa: nyota akifulia, kajitakia. Alikula ujana, alibadilisha magari, alilewa, sasa anaomba nauli. Kesi imefungwa, lete kahawa nyingine.

Mimi naikatia rufaa. Ni hukumu ya kivivu, na wanaonufaika nayo ni sisi wenyewe tunaoitoa.

Mchukue Henry Rono wa Kenya. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000 na mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Hata hivyo hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja. Mwaka 1976 Kenya iligomea michezo ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 Kenya ikasusia tena, safari hii Moscow. Tanzania ilikwenda, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Waliofika kwenye mstari wa kuanzia na waliobaki nyumbani walitenganishwa na maamuzi ya serikali zao. Tabia ya mkimbiaji haikuulizwa na mtu.

Kisha pombe ikamtawala Rono. Bingwa aliyewahi kushangiliwa Oslo na Vienna alilala kwenye makazi ya wasio na nyumba huko Marekani, akabeba mizigo ya abiria kwenye uwanja wa ndege wa Albuquerque. Mwaka 2007 alitoa kitabu cha maisha yake, *Olympic Dream*, na humo hakuificha chupa. Kosa lake alilibeba. Ila hakukubali kubeba na ya wengine, na hapo ndipo benchi letu la bao linaposhindwa kumwelewa, maana kwetu anayekiri moja amekiri yote. Ajabu ni kwamba muumini akisimama kanisani kusimulia alivyokuwa mlevi tunampigia makofi. Mchezaji akisema hayohayo redioni, tunacheka wiki nzima.

Kicheko hicho kina gharama. Kinawafundisha waliobaki kujificha mpaka maji yafike shingoni.

Sisi wa upande wa Mikumi tuna sababu ya kulijua hili kuliko wengine. Joseph Haule, Professor Jay, alivuma kwa "Ndio Mzee", wimbo wa kuwakejeli wanasiasa wa ahadi hewa, halafu mwaka 2015 tukamchagua yeye kuwa mbunge wetu. Mwaka 2020 kiti kikaondoka. Mwanzoni mwa 2022 figo zikamlaza hospitali ya Muhimbili, chumba cha wagonjwa mahututi, na wananchi wakachangishana kabla Serikali haijabeba gharama. Msanii mkongwe, mbunge mstaafu, na bado figo zilihitaji harambee! Nani atamwambia kajitakia figo? Alipopata nafuu aliueleza ugonjwa wake hadharani, akaanzisha taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo. Angeweza kuuficha ili jina lisichakae.

Sidai kwamba kila aliyefulia ameonewa. Rono hakunyweshwa kwa nguvu, na wapo waliomaliza fedha ya usajili kabla ya ligi kuanza. Ninachokataa ni kumtupia mtu mmoja deni lote na kuwasamehe wengine wote: kiongozi wa klabu aliyemsainisha kijana karatasi asiyoielewa, wakala aliyechukua chake mapema, chama cha michezo kinachomkumbuka mchezaji siku ya msiba, na sisi mashabiki tunaomgongea mlango kuomba hela kila akirudi likizo, kisha tunamsema kwa kutojiwekea akiba.

Kibarua anayeajiriwa kiwanda cha sukari anauliza kuhusu NSSF yake, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa sababu sheria inamtaka mwajiri amwandikishe. Kijana wa Kimamba anayechukuliwa na timu ya daraja la kwanza, nani amemwambia aulize? Tunamfundisha kupiga krosi tangu akiwa peku, na mguu ukivunjika tunashangaa hana kitu.

Viongozi wa timu za Kilosa na Mikumi, msimu ujao mkisajili, wapeni vijana mikataba ya Kiswahili, mzazi awepo, na jambo la hifadhi ya jamii na bima liandikwe kabla ya sahihi. Na wewe uliye kwenye benchi, siku nyota wa zamani akisema "hapa nilikosea", nyamaza umsikilize hadi amalize.