Tusiwaibie Vijana Nafasi Yao

Hakuna jambo linalowakusanya watu wa Tanga upesi kama mpira wa miguu. Wakikutana Coastal Union na African Sports pale Mkwakwani, hata nyumba moja huwa na pande mbili. Ubingwa wa Bara mwaka 1988 ulikuja hapa hapa. Basi tunayo haki ya kusema juu ya timu za vijana wa taifa letu, na tunao wajibu pia.

Twasema wazi: adui wa kwanza wa timu hizo ni uwongo juu ya umri, na uwongo huo huanzia kwetu, mashuleni na vijijini.

Tukumbuke mwaka 2005. Serengeti Boys ilikwisha kupata nafasi ya kwenda Gambia katika fainali za Afrika za vijana wasiozidi miaka 17. Haikwenda. Ilionekana kwamba mchezaji mmoja amepita umri. Timu ikaondolewa, na nafasi yake ikapewa Zimbabwe. Alizidi mmoja, wakaadhibiwa wote.

Miaka kumi na miwili baadaye ikawa zamu ya wenzetu. Kongo Brazzaville ilitutoa katika mechi za kufuzu za mwaka 2016. Shirikisho letu likalalamika juu ya umri wa mchezaji wao, CAF ikaamuru apimwe, naye hakufika. Hivyo ndivyo tulivyoingia fainali za Gabon mwaka 2017. Tulitoka sare na Mali 0-0, tukaifunga Angola 2-1, na katika mechi ya mwisho sare tu ingetutosha kwenda Kombe la Dunia kule India. Niger wakatufunga 1-0. Tulilingana nao pointi nne nne, wao wakaenda, sisi tukarudi nyumbani. Tulirudi na machozi, lakini bila aibu. Nahodha wa vijana wale, Dickson Job, baadaye alifika Young Africans na Taifa Stars.

Mwaka 2019 fainali zilikuja Dar es Salaam, nasi tukapoteza mechi zote tatu: Nigeria 5-4, Uganda 3-0, Angola 4-2. Ndipo baadhi ya watu wakaanza kunong'ona: "Wenzetu wanaleta watu wazima, nasi tufanye hivyo hivyo." Twawajibu kwa habari ya mashindano yale yale. Guinea ilifika fainali. Kisha ikabainika imedanganya umri, ikanyang'anywa nafasi ya Kombe la Dunia, ikaenda Senegal.

Tena udanganyifu huo hauna maficho kama zamani. Tangu mwaka 2009 FIFA hutumia mashine ya MRI katika mashindano ya umri huu. Hupiga picha ya mfupa kwenye kifundo cha mkono. Kwa kijana anayekua, ncha ya mfupa haijaungana kabisa na mfupa wenyewe. Ikiwa imekwisha kuungana kabisa, ni nadra sana awe bado hajapita miaka 17. Cheti kinaweza kuandikwa upya na karani, lakini mfupa hauna karani.

Wengi wetu ni walimu, na miongoni mwetu wamo waliopata kuombwa "kurekebisha" mwaka wa kuzaliwa ili mshambuliaji fulani asiachwe. Anayeomba huwa mtu wa heshima, na husema ni kwa faida ya mkoa. Lakini tujiulize nani anaibiwa. Anaibiwa mtoto wa miaka 15 kule Muheza au Pangani, aliyestahili jezi ile, anayekaa benchi akimtazama mtu wa miaka 20. Mwaka ule ukimpita haurudi tena.

Hatumdharau kijana aliyechelewa kuanza shule kwa sababu ya umaskini wa kwao. Huyo si mwongo, wala hana kosa. Lakini mahali pake ni timu ya wasiozidi miaka 20, au klabu za wakubwa. Tumpeleke huko kwa jina lake na umri wake.

Kwamba ukweli unaweza kushinda, dada zao walikwisha kutuonyesha. Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia kule India, timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kufika huko. Waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada 1-1, wakafika robo fainali. Mwalimu wao alikuwa Bakari Shime, yeye yule wa Gabon, aliyewahi kuifundisha Mgambo JKT ya mkoa huu.

Basi kila tawi lifanye kazi. Wazazi waandikishe watoto wangali wachanga, wasingoje siku ya mashindano. Walimu wakatae kugusa tarehe, hata wakiombwa na wakubwa. Viongozi wa matawi walinde viwanja vya shule visigeuzwe viwanja vya nyumba, kwa maana kituo cha ufundi cha Mnyanjani hakiwezi kuwanoa vijana ambao hawakupata pa kuanzia.

Mchezaji wa kweli hulelewa miaka kumi. Anayetaka kumpata kwa kalamu ya usiku mmoja analifedhehesha taifa, nasi tusikubali awe mtu wa Tanga.